Namba 211

Tangu saa mbili usiku natafuta sauti ya kukaa chini ya Candiru.
Chini, kama mkeka. Si juu yake.

Chumba changu kiko nyuma ya duka la cherehani, Oli, mjini Arua.
Ukutani nimegongomea trei za mayai na blanketi la jeshi
ili mlio wa bodaboda usiingie ndani ya wimbo.
Huingia.
Katika wimbo wa harusi ya Afeku yumo mmoja, ubeti wa pili,
na bwana harusi aliniambia: hapo ndipo penye utamu.

Nina sinthesaiza saba humu ndani ya kompyuta.
Mbili nimenunua. Moja nilipewa na mtu wa Koboko
kwenye flashi iliyojaa virusi na mahubiri.
Nne ni za bure, na bure nayo ina bei:
bando la wiki nzima lilikwisha nikizishusha.
Kila moja imekuja na sauti zake tayari, mamia kwa mamia,
kila sauti imepambwa jina kama gari la arusi:
Kanisa la Kioo. Malaika wa Barafu.
Machweo ya Sayari ya Nane.
Unabonyeza kidole kimoja tu, chumba kinafurika,
unajiona fundi.
Aliyeitengeneza aliitengeneza ipendwe ikiwa peke yake.

Ndiyo shida.

Nikamtandikia Candiru Malaika wa Barafu.
Akazama.
Lilibaki neno moja la Kilugbara likielea, kisha nalo likaenda.
Nikaweka Kanisa la Kioo: mwangwi wake ukarudi
umechelewa, kama mgeni wa matanga anayeanza kulia
wenzake wakiwa wameshanawa mikono kula.
Nikachuja, nikapunguza, nikakata besi,
hadi kanisa zima likabaki kidirisha.
Kama ni kukata hivi, nilinunua nini?

Candiru amekaa juu ya kreti la soda, kitenge magotini.
Jina lake, kwao, ni taabu:
alizaliwa mwaka mbaya, wakampa mwaka wenyewe aubebe.
Anauza mihogo mikavu sokoni. Kichujio hakijui.
Amesikia sauti sitini na kitu, kimya,
kisha akasema:
"Hiyo inaimba. Na mimi nimekuja kuimba.
Sasa nani amsikilize nani?"

Saa sita umeme ukakatika.
Betri, asilimia kumi na tisa.
Nikateremka hadi mkiani mwa orodha,
kule watengenezaji wanakotupa makombo,
sauti zisizo na jina, namba tupu.
211: nyembamba, kavu,
kama mtu anayepuliza chupa huku anawaza deni.
Peke yake haifai kitu.
Sijui nimeipita mara ngapi tangu mwaka juzi.

Candiru akaimba.
Ikasogea. Sijui niseme vipi: haikuondoka, ilimpisha.
Alipovuta pumzi, ikajaza kidogo pale palipobaki.
Alipopandisha, ikainama.
Na zile nyufa za koo lake, nilizopanga kuzifuta kesho,
zikapata ukuta wa kuwa nyufa zake.

"Hii," akasema, "ina malezi."

Tukarekodi hadi asilimia nne, sikugusa kitu.
Bodaboda ikapita. Nimeiacha.

Asubuhi nikataka kuipa jina 211, isije ikapotea tena.
Nikaandika, nikafuta. Nikaandika la Kilugbara, nikafuta.
Kistari kinapepesa kwenye kisanduku kitupu.
Nikamtumia Candiru ujumbe: tuiiteje?

Jibu lilifika saa nne, nadhani kati ya mteja na mteja:
"Bei ya mihogo imepanda. Iache hivyo hivyo."